Pete Nyeupe Kwenye Yai

Mwanamke wa kwanza kuniuzia mayai ya maabara aliyachemsha. Ilikuwa kijijini Lunyo. Aliniona nimefika kwa bodaboda, akaitazama ile barabara yenye mashimo, akanionea huruma. Mimi nilikaa uani nikizungumza na mama mkwe wake, nikidhani anayapanga mayai kikapuni, kumbe sufuria iko jikoni. Akayafunga vizuri kwa majani makavu ya migomba, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Sasa hata mkianguka, dada, hayamwagiki."

Yalikuwa na joto. Nikafikiri ni joto la kuku.

Nilipofika maabara, Tororo, Bwana Obbo, mkuu wangu wa kazi, alichukua moja akalizungusha mezani kama pia. Yai bichi huzunguka kwa uvivu, linayumbayumba. Lile lilizunguka kama limetumwa dukani. Akanitazama juu ya miwani.

"Zaituni, leo tuna chai nzuri. Chumvi iko wapi?"

Naanza na hilo, wanangu, kwa sababu ninyi mnaoingia maabara siku hizi huja mkiogopa hadubini na chupa za kemikali. Hivyo mtavizoea. Kazi huharibikia kwenye vitu vidogo kuliko hivyo, kama huruma ya mtu, au neno ambalo wewe unalielewa hivi na mwenzako vile. Nimefanya kazi ya mayai mpaka macho yakakataa nikastaafu. Nataka kuwaeleza nilivyoiona kazi hiyo, na jinsi yai lilivyokaribia kumtoa mdogo wangu Salama hospitalini kabla matibabu yake ya saratani hayajakwisha.

Mimi ni mtoto wa Busia, upande wa Uganda. Baba alikuwa dereva wa malori. Alifia safarini, na mama akamfuata hata eda haijaisha. Nilikuwa darasa la sita na mimi ndiye mkubwa wa wote. Nilitoka shule nikaanza kuuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya malori, yai limepasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Salama alibaki na madaftari, mimi nikabaki na beseni.

Bwana Obbo alikuwa anapita pale akienda kuwaona jamaa zake ng'ambo ya mpaka. Alinunua yai moja, akalila polepole, kisha akauliza, "Kuku waliotaga haya wana jogoo?"

Madereva walikuwa wamesimama. Nikamjibu, "Mzee, wewe unatafuta yai au unatafuta mchumba?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Obbo hakucheka wala hakukasirika. Alisubiri wamalize, akasema anatafuta mayai mabichi ya kienyeji, ya kuku wanaotembea na jogoo, na amechoka kudanganywa. Mayai ya dukani hayana baba. Unaweza kuyaweka kwenye joto mpaka mwaka uishe, ndani hapatakuwa na kitu. Nilikuwa najua nyumba zote zenye majogoo kuanzia Lunyo mpaka njia ya Majanji, kwa hiyo nikamletea. Baadaye akaniambia niache beseni, niende Tororo kuyalea mayai yenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Uvimbe wa saratani ukiwa mdogo kama punje ya ulezi unaweza kuishi kwa kunyonya unyevu wa jirani zake. Ukitaka kukua zaidi ya hapo lazima uletewe chakula, na chakula mwilini kinasafiri ndani ya damu. Basi uvimbe unaita mishipa mipya ya damu iote kuelekea kwake. Obbo alinieleza hayo siku ya kwanza, akaona uso wangu haujafunguka.

"Wewe ni wa Busia, utaelewa," akasema. "Barabara kubwa ina forodha, ina taa, ina askari. Uvimbe haupiti huko. Unachimba njia za panya. Nyembamba, zimepinda, zinavuja, lakini mzigo unafika."

"Sasa nyinyi mnataka kuzifunga njia za panya."

"Tunataka kujua ni kitu gani kinazifunga bila kuifunga barabara ya watu wote. Hapo ndipo ugumu."

Na yai linaingiaje? Kifaranga anapoanza kukua, chini ya ganda hutandazwa utando mwembamba unaomsaidia kupumua. Utando ule umejaa mishipa, na inaota haraka kiasi kwamba ukiangalia leo na ukiangalia kesho unaona tofauti kwa macho yako. Unakata dirisha dogo kwenye ganda, unaliziba kwa selotepu safi, unalirudisha yai kwenye joto. Wakati wake ukifika unafungua, unaweka juu ya utando kipande cha karatasi ngumu, kidogo kama kifungo cha shati, kilicholoweshwa dawa unayoichunguza. Kisha unangoja. Ukiweka chembe za saratani, mishipa huikimbilia sehemu ile kutoka pande zote, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli vinavyoelekea katikati. Ukiweka kitu kinachoizuia, kifungo hubaki peke yake, na kando yake pametokea pete nyeupe isiyo na mshipa hata mmoja.

Pete ile ni nzuri kuitazama. Ndiyo maana inadanganya.

Kumulika mayai nilijifunza kwa katoni lenye tundu na tochi ndani yake. Unaweka yai kwenye tundu, unalizungusha taratibu, unatafuta buibui mwekundu mwenye miguu mirefu. Ukimwona, yai lina uhai. Ukiona mviringo wa damu bila miguu, alianza akafa. Ukiona mwanga mtupu, rudi kwa mwenye kuku umuulize jogoo alikwenda wapi.

Usioshe yai. Kuna mama mmoja, naye alikuwa na nia njema, aliyasugua yote kwa sabuni ya kufulia kwa sababu alisikia yanakwenda kwa madaktari. Ganda lina ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia uchafu usiingie. Ukiiondoa, ndani ya siku chache inkubeta yote, lile sanduku la kuyatunzia mayai joto, inanuka, na wewe ndiye utakayeisafisha.

Unapokata dirisha, puliza vumbi la ganda kwa mpira wa kupulizia, tena yai likiwa limeinamishwa. Chembe moja ya ganda ikiangukia utando, mishipa inaijia kama nzi kwenye embe. Utapiga picha, utashangilia, kumbe umegundua vumbi. Obbo alikuwa akiniona nimesahau, hasemi kitu, anapiga chafya ya uongo. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga chafya natazama mikono yangu.

Na umeme. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuangalia wanaendeleaje. Kila aliyeanza kazi hii ameufungua, kwa mapenzi tu. Weka chupa za maji ya moto chini, funika kwa blanketi, kaa mbali, soma gazeti.

Kitu kimoja hakikuniacha nilale vizuri mwanzoni: kwamba ndani ya yai mna kiumbe, na kwamba kazi ikiisha tunalizima yai kwenye baridi kabla kifaranga hajafikia umri wa kusikia maumivu. Nilimwuliza shehe wa mtaa wetu. Akanisikiliza, akasema niangalie nia yangu na nisifanye mchezo. Tangu hapo nilikuwa nasema Bismillahi kabla ya kila dirisha, na sikumruhusu mtu, hata mwenye shahada, kurusharusha yai mkononi huku anaongea na simu.

Siku hizi mna njia nyingine. Mnapanda chembe za ukuta wa mishipa ndani ya rojorojo kwenye sahani ya plastiki, na kesho yake zimejifunga zenyewe kama nyavu zilizoanikwa ufukweni Majanji, na kompyuta inahesabu matundu. Nimeziona, ni kazi safi, haina harufu wala jogoo. Lakini nyavu zile hazina moyo unaozisukumia damu. Yai lina moyo, lakini halina matiti wala figo kama zako, wala halijawahi kuugua malaria. Panya anakaribia zaidi, ila naye anamaliza maisha yake kabla mtoto wako hajaota meno yote. Kila kimoja kinajibu swali lake. Ukikiuliza swali la mwenzake, kitakujibu tu, na jibu lake halitakuwa la kweli.

Sasa niwaeleze kuhusu neno.

Kwenye lango letu paliwekwa kibao: UTAFITI WA MISHIPA. Wiki haikuisha, wakaanza kuja wanaume. Anakuja mtu mzima, anatazama kulia na kushoto, ananiita pembeni. Wa kwanza alikuwa utingo wa lori la saruji.

"Mama, nasikia hapa mnatibu mshipa."

"Tunauchunguza, hatutibu. Wako uko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Si unajua mwenyewe. Ule wa wanaume. Ukinyanyua mzigo unashuka."

Ngiri! Kwa Kiswahili chetu mshipa ni wa damu, na ni ule unaouma shingoni ukilala vibaya, na ni ngiri pia. Nikamwelekeza hospitali, lakini nyuma yake walikuwa wamesimama wengine wawili wamevaa makoti marefu kwenye jua. Obbo akatoka, akawatazama, akarudi ndani kuchukua rangi. "Kibao hiki kitatuletea wanaume wote wa Malaba," akasema, akaongeza YA DAMU kwa herufi kubwa kuliko zilizotangulia.

Tulicheka sana. Sikujua kwamba maneno yanaweza kunifanyia hivyo hivyo nyumbani kwangu bila kuniacha na cha kucheka.

Salama alikuwa na duka la vitenge Busia. Alipokuta uvimbe kwenye titi hakuficha, alikuja kwangu siku ileile akauweka mkono wangu juu yake. Wakampima, wakampasua, wakampangia dripu za saratani Kampala. Kila baada ya wiki kadhaa anapanda gari, anatundikiwa dripu, anarudi amebadilika rangi. Anatapika mpaka nyongo. Nywele zikaisha, akawa anafunga mtandio hata ndani. Daktari wake alimweleza wazi kwamba dripu zina mpango wake na zisikatwe katikati. Alikuwa amefika katikati.

Wakati huohuo, pale maabara, Daktari Nafula alikuwa ameanza uchunguzi wa dawa za mizizi. Huyu alikuwa msichana wa Kisamia aliyesoma mbali akarudi, na alikuwa na adabu ya kazi. Alikwenda mwenyewe kijijini Mella kwa mama mmoja wa Kiteso, mganga wa mizizi, Amoding. Sote tulimwita Toto, yaani mama kwa lugha yake. Unga wake wa mzizi ulikuwa unauzwa mpaka sokoni Busia, na watu walikuwa wameanza kuunywa kwa ajili ya saratani. Nafula akamwomba kidogo aupime, akamwahidi kwamba matokeo, yawe mazuri au mabaya, atayaona kwa macho yake.

Tuliuweka unga ule kwenye vifungo, vifungo kwenye mayai. Tulipofungua, kila yai lenye dawa ya Toto lilikuwa na pete nyeupe pana, safi kabisa. Sijawahi kuona pete kama zile. Toto aliitwa, akaja amevaa gomesi ya sherehe, akainama kwenye hadubini, akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa ofisi ya jirani.

Nafula alimwambia, nami nilikuwepo, "Toto, dawa yako imepita hatua ya kwanza. Ya kwanza tu. Ziko nyingi mbele."

Toto akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Na maneno yakaenda naye. Mella yalifika kwamba imepita ya kwanza. Sokoni Busia yalifika kwamba imekuwa ya kwanza. Ijumaa mwuza nyanya aliniambia mimi, mfanyakazi wa maabara yenyewe, kwamba dawa ya Toto Amoding imekuwa namba moja Tororo, imezishinda za wazungu.

Kesho yake baada ya Toto kuondoka tulikuwa tumeyamulika mayai yale, na vifaranga wake walikuwa kimya. Lakini umeme ulikuwa umekatika kwa muda mrefu, na baadhi ya mayai tuliyowekea vifungo vitupu, ya kulinganishia, nayo yalikuwa yamekufa. Ni dawa iliyowaua au ni baridi? Nafula alisema hawezi kusema. Lazima turudie, kwa nguvu mbalimbali za dawa, kuanzia kali mpaka hafifu.

Siku ya safari ya Salama nilikwenda Busia kumsindikiza. Nikamkuta ameketi mkekani, kikombe cha uji mkononi, begi halijafungwa.

"Gari linakaribia kuondoka, Salama."

"Liondoke na wanaotaka kwenda."

Kando yake palikuwa na kimfuko cha unga wa kahawia. Niliujua kwa harufu kabla sijauona.

"Dada, usinikazie macho. Nani aliniambia kansa inakula kwa mishipa?"

"Mimi."

"Nani aliniambia ukiikata mishipa yake inakufa njaa?"

"Mimi."

"Na hii imeikata au haikuikata?"

"Imeikata. Kwenye yai."

"Yai lenu, hadubini yenu, macho yenu. Sasa mnataka nini zaidi, nishushiwe wahyi?" Akanywa uji. "Ile dripu inanifanya niombe kufa. Hii naikoroga, nakunywa, nalala."

"Hatujamaliza kuipima."

"Wewe hujawahi kumaliza kitu. Umekaa na mayai mpaka umekuwa kuku. Kila ukiulizwa, bado unaatamia."

Nilimlea yule mtoto. Nilimpeleka shule kwa mayai. Na kila alilosema lilikuwa limepangwa vizuri kama vitenge vyake, mimi sina pa kuingiza kidole. Gari likaondoka bila yeye. Nilirudi Tororo nikiwa na hasira, lakini nikijiuliza ningemkasirikia nani.

Nilimweleza Nafula. Akauliza dripu inayofuata ni lini. Nikamwambia. Akatazama inkubeta. Mayai mapya yalikuwa yameingia siku zile, na yai huwezi kuliharakisha. Ukiongeza joto unaliua, ukilifungua mapema unaona ukungu. Nimewahi kungoja mengi maishani, wanangu, lakini kungoja kule kulikuwa na uzito wake. Niliomba umeme usikatike. Nilipompigia Salama simu nilikuwa namwuliza habari za duka tu.

Siku ya kufungua ilifika kabla ya safari yake. Tulianza na mayai ya kulinganishia: mishipa imejaa, vifaranga wanatikisika. Tukaenda kwenye dawa kali: pete nyeupe zilezile, pana, nzuri, na katikati ya yai hakuna kinachotikisika. Tukashuka kwenye dawa hafifu: moyo unapiga, na mishipa imepita hadi chini ya kifungo kana kwamba hakuna aliyeweka kitu. Tulitafuta nguvu ya katikati inayozuia mishipa na kumwacha kifaranga hai. Hatukuipata. Niliona mabega ya Nafula yakishuka. Na yeye alikuwa ameitumainia.

"Naomba Salama aje aone," nikasema.

"Aje. Na Toto aje. Nilimwahidi."

Walikuja wote wawili. Tukawavalisha makoti meupe. Salama, pamoja na udhaifu wake, alijitazama kwenye kioo cha dirisha. "Haya Dada, panda kitandani nikutibu." Toto hakucheka. Alikuwa ameshahisi.

"Mayai yangu iko wapi?"

Nafula akamwonyesha. Toto alitazama pete, akatabasamu, kisha akatazama zaidi.

"Hii mtoto ndani nalala?"

"Amekufa, Toto."

"Amekufa sababu gani? Si mulisema dawa yangu nashinda?"

"Kwa nguvu hii inaua kifaranga, ndiyo maana mishipa haikuota. Kwa nguvu ndogo haizuii kitu. Tazama hili."

"Kwa hivyo dawa yangu ni sumu?"

"Kwenye mayai haya, ikiwa kali, ndiyo."

"Mimi napaka kwa jipu! Miaka yote! Watu nakuja, jipu nakwisha!"

"Kwa jipu sijaipima, Toto."

"Basi pima kwa jipu!" Akavua koti, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Hakukosea kukasirika. Mpaka leo tukikutana njiani ananisalimia kwa kidevu.

Salama hakuwa amesogea. Nilizima taa ya chumba, nikaweka tochi chini ya yai la dawa hafifu. Ndani pakawaka nyekundu, mishipa imetapakaa, na yule mdogo akajigeuza. Nikaliondoa nikaweka la dawa kali. Mwanga ulikuwa mzuri pia, lakini haukuwa na mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi tangu siku ya mkeka, nikayaacha.

"Rudisha la kwanza," akasema.

Nikarudisha. Alilitazama kwa muda. Kisha akamgeukia Nafula, siyo mimi.

"Na hizi dripu zenu, nazo mlizijaribu kwenye mayai?"

"Nyingine kwenye mayai, nyingine kwenye sahani. Kisha panya. Mwisho watu."

"Watu gani?"

"Wagonjwa walioelezwa wakakubali."

"Wagonjwa kama mimi."

"Kama wewe."

"Walikuwa wanajua kama itawasaidia?"

Nafula angeweza kupamba. Hakupamba. "Hapana. Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa. Wengine iliwasaidia, wengine haikuwasaidia. Kwa hao ndipo tukajua kipimo, na kwa nini dripu zisikatwe katikati."

Salama alikaza mtandio wake. "Na walitapika?"

"Walitapika sana. Dawa za kuzuia kutapika hazikuwa nzuri kama za sasa."

Inkubeta ilikuwa inanguruma polepole.

"Haya," akasema. "Kama mtu nisiyemjua alitapika ili mimi nijue pa kufika, mimi ni nani nishukie njiani?" Kisha akanigeukia kwa sauti yake ya kawaida. "Na wewe usinitazame hivyo. Nakwenda kwa sababu yao. Wewe na kuku wako subirini hapa."

Alikwenda. Dripu aliyoiruka iliwafanya madaktari wapange upya, ikamrefushia mateso, na hakuna aliyemwahidi chochote. Nilimsindikiza kila safari na beseni la kutapikia. Alizimaliza. Bado anaenda kuchunguzwa, na kila akienda silali mpaka apige simu.

Kwa hiyo, wanangu, mtakapoona pete nyeupe ya kwanza maishani mwenu, furahini, mmeifanyia kazi. Kisha mulikeni moyo. Na mtu wa nje akiwauliza kama dawa imefanya kazi, msimpe ndiyo peke yake. Mwambieni imefanya kazi wapi, kwa maneno ya sokoni, na mumwombe awarudishie alivyoelewa kabla hajatoka langoni. Nafula alianza kufanya hivyo baada ya Toto, na kila mgeni alimwona msumbufu.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa dukani kwa Salama. Mteja mmoja, mama wa makamo kutoka ng'ambo ya Kenya, alikuwa anachagua kitenge huku anasifia majani fulani yanayoponya kansa, yameshathibitishwa, yako hata kwenye simu.

Salama alikuwa anapima kitambaa kwa mkono. Hakuinua macho.

"Yamethibitishwa wapi, mama?"

"Maabara! Kabisa!"

"Najua maabara. Nauliza kwa nani. Kwenye sahani, kwenye yai, kwa panya, au kwa mtu?"

Yule mama akasita. "Kwa... kwa mtu, nadhani."

"Alhamdulillahi," akasema Salama, akachukua mkasi. "Nipe jina lake na anakaa wapi. Nikifunga duka nitakwenda kumsalimia."